Kitabu Kinachosalimu

Mtu akiniuliza namna ya kuchagua kitabu cha kujifunzia saketi za redio, nami humuuliza swali ambalo Mama aliniuliza mimi, naye hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe: kinasalimu? Vijana hucheka. Na wacheke. Mimi sikucheka, nilikasirika, na hasira ile ilinipotezea msimu mzima wa mvua.

Siku hizo Mwingereza bado anatawala, nami nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini hapa Njombe. Nyumba yetu ilikuwa upande ule ambao sasa ni Mjimwema, na upepo ukigeuka tulisikia maporomoko ya Ruhuji yakivuma bila kupumzika. Asubuhi ukungu uliingia ndani bila hodi. Ukitoka uwani unaona vilele vya miti ya miwati tu vikielea, na ng'ombe wa jirani anakohoa karibu yako lakini humwoni. Miaka ile naikumbuka hivyohivyo, nusu inaonekana na nusu imefunikwa, kwa hiyo nikiteleza mahali nisamehewe.

Tuliishi wawili, mimi na Mama. Baba alikwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, nikiwa mtoto ambaye hata meno ya utoto hayajang'oka. Mwanzoni alituma salamu kwa wenzake waliokuwa wakirudi. Baadaye wenzake wakarudi mikono mitupu, bila hata neno lake. Mama hakuwa mjane, hakuwa mke. Jembe la Baba lilining'inia ukutani, na kila Jumamosi, akijiandaa kwa ibada ya kesho, alilipangusa vumbi na kulirudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kulimia jembe lile, hata mimi.

Siku moja sokoni Mama alikutana na mtu aliyetoka Tanga. Yule bwana akamwambia kwamba kule watu sasa wanatuma salamu kwa redio, linasomwa jina lako na la umpendaye, na nchi nzima inasikia. "Hata mzee wako nimemsikia akisema atatuma," alimwambia. "Sikilizeni redio ya Dar es Salaam, ile saa ya salamu jioni."

Mama alirudi nyumbani bila chumvi aliyofuata. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na nilijisikia vibaya kuyaona, kwa sababu sikuwa nimewahi kuyaona hivyo. Nikamwambia barazani bomani kuna redio, twende tukasikilize na wenzetu. Akanitazama kama nimetukana.

"Salamu za mume wangu nizipokee barazani, mbele ya watu na tumbaku zao? Aka!"

Redio ya dukani ilikuwa ya wenye nafasi, na mwalimu wa madarasa ya chini si mmoja wao. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Basi nitakutengenezea." Mungu wangu! Nilichojua mimi ni kengele ya umeme tuliyoonyeshwa shuleni, ikalia mara moja ikafa. Mama aliamini hapohapo. Jioni ile alikaa kando ya moto akatengeneza nywele zake, jambo ambalo hakulifanya siku za kazi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta kitabu. Nikasikia kwamba Makambako, pale njia ya Njombe inapokutana na ile kubwa ya Iringa na Mbeya, kuna Mhindi mwenye duka aliyeachiwa sanduku na mhandisi wa barabara aliyerudi kwao Ulaya. Nikapanda lori na gunia la njegere za Mama. Makambako siku hizo ilikuwa maduka machache na upepo mwingi, na watu waliojifunga mablanketi wakingojea magari ya kuwapeleka pengine. Hakuna aliyeonekana kuwa wa pale.

Mwenye duka alikuwa mzee mnene mwenye kikohozi na utani mwingi. Alilifungua sanduku, na ndani mlikuwa na redio mbovu iliyokwisha kung'olewa viungo, valvu moja nzima, kile kitaa cha kioo cha redio, ndani ya pamba, visikilizio vya kuvaa kichwani, na vitabu vitatu vya redio. Kimoja kilikuwa kinene, jalada jekundu, herufi za dhahabu. Cha pili kilikuwa na picha nzuri za nyumba ya Kizungu yenye mabomba na taa. Cha tatu hakikuwa na jalada kabisa. Mzee alikuwa ameanza kukichana ili afungie watu sukari.

"Vyuma vyote na kitabu kimoja kwa gunia lako," alisema. "Chagua, Mwalimu. Lakini kichanwa hicho niachie, karatasi yake nyepesi, inafunga vizuri."

Sikuchagua, nilinyakua. Niliona dhahabu ile na kimo kile nikajiona tayari nimekuwa mhandisi. Njia nzima ya kurudi nilikipakata kifuani, lori likipanda na kushuka ndani ya ukungu, na kila aliyekaa karibu nami nilihakikisha amekiona.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akakipapasa, akakinusa, akakifungua juu chini.

"Kinasalimu?" akauliza.

"Kinasalimu nini, Mama? Kitabu!"

"Kinapoanza, kinamsalimu mtu? Au kinaanza tu kusema?"

Nikakasirika. Nikamwambia hayo ni mambo ya elimu, si mambo ya kwenda kupiga hodi kwa jirani. Akasema, "Haya baba, yaishe," akarudi kwenye chungu chake. Kwetu mtu anayeingia nyumbani na kuanza shauri lake bila *kamwene*, bila kuuliza mmeamkaje, hata akileta habari ya maana, humsikii vizuri. Masikio yako yanabaki mlangoni yakingojea salamu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kile chekundu kilianza tu kusema. Ukurasa wa kwanza hesabu, wa pili hesabu, wa tatu kinasema "kama ilivyo dhahiri", na kwangu hakuna lililo dhahiri hata moja. Kilinitaka nizungushe waya kwenye bomba la eboniti, ule mpira mgumu mweusi, sijui eboniti inauzwa wapi Njombe. Nilisoma mvua zikinyesha, nikanakili michoro, nikaota ndoto za michoro: mistari inatoka ukutani inapita juu ya kitanda kama mito myeusi, nami natafuta daraja. Ninaamka nasikia Ruhuji. Mama hakuwahi kuniuliza redio iko wapi. Alikuwa tu akikoka moto jioni, halafu anatazama meza yangu, halafu anatazama moto. Kule kutouliza kuliniuma kuliko kama angenigombeza.

Mvua zilipokatika nilirudi Makambako na kile chekundu kwapani. Mwenye duka aliponiona alicheka mpaka akakohoa.

"Mchagua jembe si mkulima, Mwalimu!"

"Mkulima aliyepewa jembe la dhahabu atalima nini, Mzee?"

Akapenda jibu lile. Akaniletea sanduku, akanipa gunia la chumvi la kukalia mlangoni, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Nilikaa pale mchana kutwa. Magari yalikuja kutoka Iringa yakaingia ukunguni upande wa Mbeya, mengine yakashuka kwetu, na vumbi lao lilisimama hewani kama halina pa kwenda. Sijui kama niliwahi kuwa na siku tulivu kama ile. Safari hii niliamua kuvihoji vitabu kama tunavyowahoji wachumba: swali moja kwa wote. Nikauliza, umeme unatoka wapi na unakwenda wapi?

Chekundu kikasema unatoka kwenye chanya unakwenda kwenye hasi. Basi, kikaendelea na safari yake. Cha picha kikasema unatoka kwenye hasi unakwenda kwenye chanya, kikaonyesha mabomba ya nyumba ya Kizungu ambayo sijawahi kuyafungua maishani. Ala! Nikahisi kichwa kinazunguka. Katika hivi viwili kimoja kinasema uongo, na mimi mtoto wa manamba nitajuaje ni kipi?

Nikafungua kile kichanwa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda na sukari za watu, lakini za mwanzo zilikuwapo. Kwa Kiingereza chepesi, mwandishi alisema hivi: karibu, rafiki, habari za huko uliko. Huenda uko peke yako, huna mwalimu wala duka la karibu. Usiogope. Nami nilianza hivyohivyo. Nikashtuka, nikatazama nyuma kama kuna mtu anayesemeshwa. Mbele kidogo akalieleza lile jambo la umeme: wazee wa zamani walibahatisha upande, wakabahatisha vibaya, na ilipojulikana walikuwa wamekwisha zoea. Kwa hiyo wewe mchoroni fuata mazoea yao, ila moyoni ujue kwamba kile unachodhani kinakuja kwako, hasa kinaondoka. Halafu akasema, usianze na mchoro wangu. Kusanya kwanza vitu ulivyo navyo, viweke mezani, ndipo uchore saketi yako kwa vitu hivyo. Huna eboniti? Tumia chochote kilicho kikavu.

Nilitokwa na machozi kwenye gunia lile la chumvi. Mwenye duka akajifanya anapanga vibiriti. Nilimwachia chekundu nikaondoka na kichanwa, na nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni nikasema, "Mama, kinasalimu."

"*Kamwene*," akakijibu kitabu. Kisha akaniwekea ugali.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Nilizungusha waya kwenye kipande cha mwanzi, mwanzi wetu huuhuu wa kugema pombe ya ulanzi, uliokaushwa juu ya dari ya moshi mpaka ukalia ukiugonga. Nililehemu kwa chuma nilichokipasha makaani. Usiku mmoja nilichora saketi yangu ya kwanza ambayo haikuwa ya mtu mwingine, nikamweleza Mama: saketi ni njia ya umeme kutoka betrini, kupita penye kazi zake, na kurudi ulikotoka. Ukikosa njia ya kurudi, hakuna kinachofanya kazi.

"Usiporudi nyumbani haufanyi kazi?"

"Haufanyi, Mama."

Akachochea moto. "Basi umeme una adabu kuliko watu."

Kilichobaki kilikuwa ardhi. Kitabu kilitaka waya mmoja upande juu, hewani, nao tuliufunga kwenye mwanzi mrefu. Na mwingine ushuke udongoni, ufungwe kwenye kitu kipana cha chuma na kufukiwa. Nilizunguka uwani nikitafuta chuma. Niliporudi ndani nilimkuta Mama amesimama amelishika jembe la Baba. Ukutani palibaki alama nyeupe ya mahali lilipokuwa.

"Hili si chuma?"

"Mama, hilo…"

"Yeye ndiye tunayemtafuta. Na litangulie jembe lake."

Tukalifukia nyuma ya jiko, waya ukichomoza udongoni kama mche. Mama akalimwagia maji. Kila asubuhi alilimwagilia maji, na jirani akiuliza anasema amepanda waya. Ilikuwa kweli kwamba udongo ukiwa na unyevu redio inasikia vizuri zaidi, kitabu kilisema hivyo, lakini Mama alikuwa amekwisha kuanza kumwagilia kabla sijafika ukurasa huo.

Jioni ya kwanza hatukusikia kitu ila mvumo, sawasawa na wa Ruhuji. Nilizungusha kitufe polepole. Visikilizio vilikuwa viwili vya mtu mmoja, kwa hiyo tuliviachanisha: kimoja sikioni kwake, kimoja sikioni kwangu, vichwa vyetu vimegusana, nywele zake zinanukia moshi. Mvumo ukapasuka, na mtu akasema kwa Kiswahili safi, karibu mno kama yuko ndani ya blanketi letu, "Hamjambo wasikilizaji."

"Hatujambo, baba," Mama akajibu. "*Kamwene*."

Nilicheka mpaka kisikilizio kikadondoka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya kuruka. Nilitaka niende niamshe Njombe nzima.

Tangu siku hiyo kila jioni ya salamu tuliweka vichwa pamoja. Fulani wa Moshi anamsalimu shangazi yake. Fulani wa Lindi anawasalimu wote wanaomfahamu. Mama alijibu kila salamu, moja moja, kwa sauti ndogo: *kamwene, kamwene*. Nilimwambia si zake. Akasema wenyewe wengi hawana redio, na salamu haiachwi chini; ikianguka mtu mwingine aiokote. Wakati mwingine nilisinzia pale pale, sauti za watu wa mbali zikipita kichwani mwangu na sauti yake ikizipokea, na sikujua nani anaota kati yetu. Shuleni walitaka kunihamishia Makambako, kwenye darasa kubwa zaidi. Nilikataa. Ningemwachaje mtu anayesubiri?

Ikafika jioni ambayo mtangazaji alitaja jina la Baba.

Alilitaja lote, na la babu aliyemzaa, na kwamba ni mwenyeji wa Njombe, anayefanya kazi kwenye shamba la mkonge Tanga. Mkono wa Mama ulinishika goti. Mtangazaji akaendelea kwa sauti ileile ya upole. Anamsalimu mke wake mpenzi aliyekwenda kujifungua kwao Muheza. Anawasalimu na watoto, akawataja kwa majina, mmoja mmoja, na mimi simo. Anasema yu mzima, wasiwe na wasiwasi, mwisho wa mwezi anarudi nyumbani.

Kisha akaingia fulani wa Tabora anayemsalimu kaka yake.

Hakuna kisichosikika katika redio ile. Kila neno lilikuja limenyooka, halina hata mkwaruzo. Nikawaza kile kitabu chekundu. Kama ningeshikilia kile, meza ingebaki bubu hata leo, na Mama angekuwa bado ana mume. Hasira ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Nilinyanyua ile redio, ubao na valvu na vyote, niipige ukutani. Mama akanishika mkono. Kisikilizio kilikuwa bado sikioni kwake. Wa Tabora alimaliza, akaja wa Mwanza, akamaliza, naye hakumjibu hata mmoja.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo ileile, "*Kamwene*."

"Mama, unamjibu?"

"Salamu haiachwi chini," akasema. "Na huyo mwanamke labda hana redio."

Akavua kisikilizio, akakiweka mezani taratibu, akaenda kulala. Nilimsikia akilia, kisha nikasikia Ruhuji tu.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida. Nilitoka nyuma ya jiko nikakuta shimo, na waya umelala juu ya udongo umekatika. Nikasikia mkwaruzo ng'ambo ya ua, nikaufuata. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe la kunolea, analing'arisha jembe la Baba. Kutu ilikuwa imelila pembeni, lakini katikati bado lilikuwa zima, na alikuwa amekwisha kulitia mpini mpya. Nikasema upuuzi, nikasema neno la fundi.

"Mama, bila jembe hilo redio haitasema tena."

Akajaribu makali kwa kidole gumba. Akasimama, akaliweka begani, na kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke nikaona mtu anakwenda kulima na jembe lile.

"Imeshasema," akanijibu. "Uliitengeneza vizuri, mwanangu. Nenda Makambako."